Kuamsha Bustani Bila Kibali

IDARA YA BUSTANI, VIVULI NA MAPUMZIKO INAUTANGAZIA UMMA KWAMBA HAKUNA BUSTANI YOYOTE ILIYO CHINI YAKE AMBAYO IMELALA, ILIWAHI KULALA, AU INA MPANGO WA KULALA KATIKA KIPINDI HIKI CHA UTEKELEZAJI. MWANANCHI YEYOTE ATAKAYEKUTWA AKIAMSHA BUSTANI ATACHUKULIWA HATUA.

Tangazo hilo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye lango la Bustani Kuu, juu ya lile la kukataza kukanyaga majani, ambalo nalo lilikuwa limebandikwa juu ya lile la kukataza kubandika matangazo. Kaimu Mkurugenzi aliliandika kwa mkono wake mwenyewe. Alilisoma mara tatu, akahamisha alama moja ya mkato kutoka hapa kwenda pale, akaona sasa limekolea. Wapita njia nao wakalisoma. Wengi wao hawakuwahi kufikiri kwamba bustani inaweza kulala, lakini kuanzia siku ile wakaanza kuitazama kwa jicho la pembeni, kama unavyomtazama jamaa anayekuapia kitu ambacho hukumuuliza.

Chanzo cha yote kilikuwa daftari la matukio la askari wa lango. Askari huyo alikuwa na tabia moja mbaya kwa mtumishi wa umma: alikuwa akiandika alichokiona. Ijumaa iliyotangulia aliandika hivi: "Saa tatu na robo asubuhi. Mama mtu mzima, kofia pana, amekaa benchi la nne. Amerusha waya juu ya mkaratusi. Ana kisanduku, anakiambia naita wote, naita wote. Nimemuuliza mama unafanya nini, akasema anaamsha bustani. Nikamuuliza imeamka? Akasema inakaribia."

Inakaribia! Kaimu aliposoma neno hilo, chai ilimpalia mpaka katibu muhtasi wake akaja kumpiga mgongoni kwa faili.

Alikuwa mtu wa mantiki, na mantiki ikishamkamata mtu wa ofisini haimwachii mpaka imfikishe pabaya. Kinachoamshwa, alijiambia, ni kilicholala. Kilicholala kililala chini ya usimamizi wa mtu. Na mtu huyo, akigeuza kibao cha mezani asome, jina lilikuwa lake, likitanguliwa na neno Kaimu.

Neno hilo ndilo lililokuwa likimkondesha. Alikuwa amekaimu kwa miaka sita. Anayekaimu hukalia kiti kwa tako moja, jingine likingoja barua. Alikuwa ameiandikia Kamati ya Uthibitisho barua thelathini na moja, kila moja ikikumbushia iliyotangulia, na sasa, kwa neema zisizoelezeka, jina lake lilikuwa limewekwa kwenye ajenda ya Ijumaa hii. Siku nne tu! Miaka sita ya kusema "tunalifanyia kazi" ilikuwa inaelekea kuzaa matunda, halafu anatokea mama na waya wake kusema bustani ilikuwa imelala. Daftari haliwezi kuchanwa, kwa sababu kurasa zake zina namba. Aliyeagiza ziwekwe namba ni yeye, katika Waraka wa Kudhibiti Uchanaji wa Kurasa, ambao ulimpatia pongezi.

Basi akafanya ambalo kiongozi yeyote mwenye busara hufanya akikosa la kufanya. Aliunda kamati.

Kamati ya Kubaini Hali ya Usingizi wa Bustani ilikutana Jumanne saa mbili. Wajumbe walikuwa Afisa Miti, Afisa Mabenchi, na katibu muhtasi wa kuandika. Dirisha la chumba cha mikutano lilitazamana na bustani yenyewe, kwa hiyo kwanza pazia lilifungwa ili mjadala usiathiriwe.

"Kitaalamu, mkuu," alianza Afisa Miti, ambaye hakuwahi kuanza vingine, "bustani haina macho."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatuwezi kujua kama yamefumba."

"Lakini inakoroma," alisema Afisa Mabenchi, mtu mnene mwenye moyo mweupe. "Ile pampu ya bwawani. Mimi mwenyewe nimeisikia."

"Pampu ni ya Idara ya Maji," Kaimu alimkata. "Ikikoroma, waliolala ni Maji."

Wote walipumua. Iliandikwa kwamba waliolala ni Maji. Wakajadili kama kufunga lango saa kumi na mbili jioni ni sawa na kufumba jicho, na kama ni sawa, jicho hilo ni la bustani au la askari. Saa mbili na nusu zikapita namna hiyo, na biskuti zikaisha.

"Kwani," aliuliza katibu muhtasi, bila kuinua kalamu, "si tukamuulize huyo mama mwenyewe alikuwa na maana gani?"

Walimtazama kama mtu aliyepiga mluzi matangani. Kuuliza! Hata hivyo, baada ya majadiliano marefu, wazo lake lilipitishwa, likabadilishwa jina, likaitwa Ziara ya Kujiridhisha.

Kutoka mlango wa Idara hadi lango la bustani ni hatua themanini. Walikwenda kwa magari mawili, maana ziara isiyo na magari ni matembezi. Kwa sababu ya njia za kugeuzia walitumia dakika ishirini na tano, na askari wa lango, aliyekuwa akiwaona muda wote huo wakizunguka, aliandika kila mzunguko.

Benchi la nne lilikuwa chini ya mkaratusi. Mama alikuwa amelipa kisogo lango. Waya mwembamba ulipanda kutoka kwenye kisanduku chake, mdogo kuliko mkate, ukapita juu ya tawi na kuteremka upande wa pili, mwishoni ikining'inia bobini ya chuma ya cherehani kama jiwe la mizani. Betri ilikuwa ndani ya kopo la chakula. Mapajani alikuwa na daftari na penseli iliyofungwa uzi isipotee.

Kaimu aliteremka kifua kimejaa maneno. Alikuwa ameyapanga vizuri: "Kwa mamlaka niliyokabidhiwa." Alifika hatua tatu nyuma ya benchi, akakohoa kikazi. Kofia pana ikageuka.

Maneno yote yakamtoka kifuani, kila moja likashika njia yake. Alikuwa mama mkwe wake.

Mtaani walimwita Mama Bobini. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, na alikuwa akiijua mashine mbovu kwa kuisikiliza tu, kama daktari na kifua cha mtoto. Alipostaafu, masikio yake hayakukubali kustaafu naye, akajifunza redio, zile za kuongea na watu wa mbali, si za kusikiliza taarifa. Kaimu alijua kwamba mama mkwe ana "vitu vyake vya waya". Hakuwahi kuuliza zaidi. Mkwe hahojiwi.

"Shikamoo, mama," alisema, akiwa ameinama mpaka kalamu zikamwagika kutoka mfuko wa shati.

"Marahaba, baba. Mbona kundi zima, kuna aliyefariki?"

"Hapana, mama. Tuko kwenye ziara ya kujiridhisha."

"Haya, jiridhisheni taratibu, nina mtu sikioni." Akainua kidole cha kuwanyamazisha, akabonyeza maiki. "Nimekupata tano kwa tisa, mwalimu, safi kabisa. Mkwe wangu amenitembelea hapa, na wenzake wa kazini. Ova."

Kwa neno hilo la kuachia zamu kisanduku kikakwaruza, kisha sauti ya mzee mchangamfu ikatoka: "Wasalimie sana! Ova."

"Mnasalimiwa. Ni mwalimu mstaafu, yuko juu ya kilima, mipaka miwili kutoka hapa."

"Asante, mwalimu!" Afisa Mabenchi alikiambia kisanduku, akakutana na macho ya Kaimu, akajifanya anakagua misumari ya benchi.

Sasa ingekuwaje? Mama mkwe hakaripiwi, lakini bustani nayo ni mali ya umma. Kaimu aliona njia moja tu. Akageuka upande.

"Afisa Miti, mwambie mama kwamba Idara ingependa kujua kama ana kibali cha shughuli anayoifanya."

"Mama," alisema Afisa Miti, "Idara ingependa kujua..."

"Idara si ndiyo huyu aliyeoa binti yangu?"

"Kitaalamu, ndiyo."

"Basi iambie Idara nilikuwa na leseni ya redio kabla haijaja kuposa." Akachomoa bahasha ya nailoni, ndani yake leseni yenye picha, muhuri na saini. Kaimu aliitazama ile saini kwa muda mrefu, kwa wivu. Ilikuwa ya mtu aliyethibitishwa.

"Na hili la kuamsha, mama?" alisema kwa sauti ndogo, akisahau kupitia kwa Afisa Miti.

"Eti ndilo lililowapandisha magari?" Mama Bobini alicheka mpaka kofia ikalegea. "Ni msemo wetu tu, baba. Sisi wa redio za begani tunatoka nje, mmoja yuko kilimani, mwingine mtoni, mwingine bustanini. Ukikaa bustani moja ukaita, wakakuitikia watu kumi tofauti siku hiyohiyo, tunasema bustani imeamka. Inaandikwa. Wasipofika kumi, umekaa tu kwenye benchi kama watu wengine."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nilipata tisa, betri ikanikatikia."

"Kwa hiyo haikuamka."

"Haikuamka."

Wajumbe wa kamati walitazama chini. Hata ndege waliona haya.

"Na ikiamka," Kaimu aliuliza, akitafuta pa kushika, "nani anajua?"

"Wenzangu wananitumia cheti."

Neno hilo lilimwingia Kaimu kama maji mtu wa jangwani. Cheti! Akaiona Ijumaa. Akaiona Kamati ya Uthibitisho, na yeye mbele yao, mkononi ana karatasi inayosema, kwa ushahidi wa mataifa ya mbali, kwamba bustani yake iko macho.

"Kina muhuri?"

"Kina mihuri miwili."

"Leo una wangapi, mama?"

"Saba."

Kaimu alijinyoosha. "Idara," alitangaza, "itawezesha zoezi hili."

Uwezeshaji ulianza papo hapo. Ili pasiwe na kitu cha kuibughudhi bustani inapoamka, watu wote waliondolewa bustanini. Wazee wawili waliokuwa wakicheza drafti walitolewa na drafti yao ikiwa katikati ya mchezo, kila mmoja akibeba upande wake wa ubao na kumtuhumu mwenzake kwa kuinamisha. Wachumba walitolewa, kila mmoja kwa lango lake. Mtu aliyekuwa anakimbia kwa ajili ya afya alielekezwa akakimbilie mahali pamoja, nje. Afisa Miti aliagizwa apunguze kelele za majani, akasimama chini ya mkaratusi mikono juu, akiutazama kwa onyo.

"Hawa watu mnawafukuzia nini?" Mama Bobini aliuliza. "Hawanisumbui."

"Ni kwa ajili ya utulivu wa wananchi, mama."

"Wananchi gani tena? Si umeshawamaliza?"

Akarudi kwenye maiki. Wa nane alikuwa daktari wa meno aliyekuwa uani kwake akingoja ganzi imshike mgonjwa. Wa tisa alikuwa mpishi wa meli ya mizigo, na mazungumzo yao yalikatika kidogo kitunguu kilipotaka kuungua. Wa kumi ni bibi mmoja aliyekaa kando ya mto, naye alitaka kujua huko kuna mvua, akaambiwa hakuna, akashukuru.

Saa saba kasorobo, bustani ikaamka rasmi. Haikufanya lolote. Mkaratusi uliangusha jani moja, Afisa Miti akaliandikia ripoti.

Siku mbili zilizofuata Kaimu alijifungia na kuandika taarifa ya kurasa sitini na nne. Kiini chake kilikuwa Kipimo cha Kuwa Macho: kitu chochote cha umma kitahesabika kiko macho endapo, ndani ya siku moja, kimewajibu watu kumi tofauti. Kipimo hiki alikibuni peke yake kabisa, kwa msaada wa mama mkwe, ambaye hakutajwa kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu.

Alhamisi jioni Mama Bobini alimletea cheti. Ijumaa, Kamati ya Uthibitisho ilimpokea. Wajumbe watano walikuwa nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Katikati alikaa Mwenyekiti, mtu mkubwa mwenye sauti ya mtu aliyezoea kungojwa. Pembeni, kwenye kimeza kidogo kama cha shule, alikaa karani wa kumbukumbu, mama mkimya ambaye kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumsikia hata akipiga chafya.

Kaimu alisoma. Alipoinua cheti juu, mihuri yote miwili ikawaka kwenye mwanga wa dirisha, na Mwenyekiti akapiga meza.

"Hiki! Hiki ndicho tulichokuwa tunakitafuta! Kila siku ofisi zinalala, tunakosa cha kuzipimia. Nani anaunga mkono kitumike kwa kila ofisi ya umma, bila ubaguzi?"

Mikono minne ikaenda juu. Mwenyekiti alikuwa na shemeji yake mmoja ambaye kwa muda mrefu alimwona anafaa sana kuongoza Idara ya Bustani, kwa hiyo akachukua kalamu na kuongeza kifungu kwa mkono wake: "Ofisi itakayobainika imelala itakuwa chini ya ofisi iliyo macho iliyo karibu nayo zaidi." Aliamini ofisi hiyo ya karibu ni yake. Akatabasamu.

"Sasa tuanze na wewe mwenyewe, ndugu Kaimu. Jana Idara yako ilijibu watu wangapi?"

Kaimu akamgeukia katibu muhtasi wake, ambaye alifungua rejista kwa utulivu wa mtu ambaye kitanzi si chake.

"Jana walikuja ishirini na sita. Aliyejibiwa ni mmoja."

"Nani?"

"Mkeo, mkuu. Aliuliza utarudi saa ngapi."

"Nikamjibu?"

"Ulimwambia atajulishwa."

"Hilo halihesabiki," alisema Mwenyekiti, akicheka mpaka chupa yake ya maji ikatikisika. "Ndugu yangu, umelala fofofo! Miaka sita unataka tukuthibitishe, kumbe hata shukani hujatoka. Karani, andika: Idara ya Bustani imelala. Maombi ya uthibitisho yame..."

"Mwenyekiti," ilisema sauti.

Walitazamana kutafuta ilikotoka. Ilikuwa ya karani wa kumbukumbu.

"Kifungu kinasema kila ofisi, bila ubaguzi. Niandike na Kamati hii?"

"Andika, andika! Sisi tuna nini cha kuficha?"

Karani alivuta jalada, akalamba kidole. "Barua kutoka kwa huyu Kaimu, thelathini na moja. Zilizojibiwa, hakuna. Barua kutoka kwa wengine, mia tisa na nne. Zilizojibiwa..."

"Inatosha."

"...hakuna, Mwenyekiti."

Kwa muda ukasikika mlio wa maji yakimezwa. Mjumbe mmoja alipendekeza kipimo kifutwe. Karani alisema kamati iliyolala haiwezi kufuta kitu.

"Lakini kama tumelala," Mwenyekiti aling'aka, "basi hata kukipitisha hatukukipitisha!"

"Mlipokipitisha mlikuwa hamjajulikana kwamba mmelala, Mwenyekiti. Mmejulikana baadaye."

Hilo lilikuwa sahihi kiutaratibu, na mbele ya utaratibu wote waliinamisha vichwa. Ikabaki kuitafuta ofisi iliyo macho iliyo karibu nao zaidi. Macho yakazunguka chumba, yakaangukia cheti mkononi mwa Kaimu, yakatoka dirishani, yakavuka barabara. Kitu pekee cha umma chenye ushahidi wa kuwa macho kilikuwa Bustani Kuu. Maofisa wake walikuwa wamelala pamoja na Idara yao. Mtumishi mmoja tu ndiye aliyekuwa wa bustani yenyewe, kwa barua yake ya ajira.

Jumatatu, askari wa lango alikabidhiwa mihuri yote kwenye kikapu. Aliisoma barua ya makabidhiano mara mbili, akanyoosha kofia, akaiweka mihuri kwenye droo pamoja na kitafunwa chake. Hakuwa mtu wa makuu. Alikwenda moja kwa moja benchi la nne.

"Mama Bobini, samahani. Nimeletewa maofisa kumi na mmoja, wote wamelala. Hawa nawaamshaje?"

"Kama kingine chochote, baba. Waitwe. Atakayeitika yuko, asiyeitika hayuko."

Basi foleni ikapangwa kuanzia mkaratusi. Ilikuwa foleni ya kwanza ambayo wengi wao walipata kuiona kutoka ndani, na walishangaa jinsi jua lilivyo kali huko. Utaratibu ulikuwa mfupi. Unakaa kwenye benchi, mwalimu wa kilimani anakuuliza kama unamsikia, unamjibu. Askari anaandika yupo au hayupo. Aliye yupo anapewa muhuri wake, shauri lake linamalizwa palepale. Asiyekuwepo hana ofisi, maana ofisi ya mtu asiyekuwepo ni chumba tu.

Afisa Mabenchi alikuwa wa kwanza. "Unanisikia? Ova."

"Ndiyo, mwalimu! Umeshindaje?" Yupo.

Afisa Miti alisema kitaalamu anasikia. Askari alifikiri kidogo, akamsamehe. Yupo. Katibu muhtasi aliongea mpaka akapewa namna ya kutibu kikohozi kwa vitunguu, na ikabidi aondolewe. Yupo.

Ikafika zamu ya Kaimu. Alikaa. Maiki ilikuwa ndogo, bado ina joto la mkono wa mtu. Aliona kabisa kwamba miaka yake sita imejikunja yote ndani ya kile kitu chenye ukubwa wa kiganja, na kwamba mahali pengine pa kuipeleka hapakuwepo tena.

"Unanisikia? Ova."

Akafungua mdomo. Lakini utumishi ulikuwa umemfunza asiseme ndiyo. Ndiyo ni kama mtoto wa nje: siku moja atakuja kukuita baba mbele za watu.

"Kwa niaba ya Idara," alisema, "napenda kuchukua fursa hii..."

"Nani huyo? Sikupati. Rudia. Ova."

"Baba," Mama Bobini alimnong'oneza, "hiyo si barua. Ni mtu."

"Mama, nikisema ndiyo naingia kwenye kumbukumbu."

"Na usiposema unatoka."

Kaimu alifumba macho. Alibonyeza maiki kwa vidole viwili, kama anayeshika kaa la moto.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ndogo sana. "Nakusikia."

"Na mimi nakusikia vizuri! Wewe ni nani? Ova."

Akatafuta cheo. Kilikuwa kwenye droo ya askari, pamoja na kitafunwa. "Mimi," alisema, "ni mkwe wa huyu mama. Ova."

"Ahaa, ndiye wewe uliyewafukuza wacheza drafti! Karibu hewani. Ova."

Askari aliandika. Akatoa muhuri, akaupuliza, akaugonga. "Umethibitishwa, bosi."

Kaimu aliinuka nusu. "Kuwa Mkurugenzi?"

"Kuwa upo," alisema askari. "Kipimo chako hakiendi zaidi ya hapo."

Aliomba apewe kwa maandishi, akapewa. Ilichukua dakika nne. Aliisoma ile karatasi mara tatu, hakuona mahali pa kuhamisha mkato.

Nyuma yake alikuwa Mwenyekiti. Alikataa kuvaa vipokea sauti vya masikioni vya Mama Bobini kwa kuwa vilikwisha kuvaliwa na watumishi wa ngazi za chini, na alitaka kwanza mwalimu ajitambulishe kwa barua. Mama Bobini alimwambia kilimani hakuna posta. Akaishika maiki kwa mbali, kama mtu anayeshikishwa mtoto aliyelowa.

"Unanisikia? Ova."

Mwenyekiti alisafisha koo. "Ndugu mwananchi, suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi."

Kisanduku kilikwaruza. "Unanisikia? Ova."

"Kama nilivyotangulia kusema, jambo hili lina ngazi zake. Ngazi husika zitakaa, zitashauriana, na kwa wakati muafaka..."

"Mama Bobini, kuna mtu hapo? Napata kelele tupu. Ova."

Mama Bobini aliitoa maiki mkononi mwa Mwenyekiti taratibu, kama anavyopokonywa sindano mtu mwenye kwikwi. "Hapana, mwalimu. Ni upepo tu. Nakuletea mwingine. Ova."

"Upepo!" Mwenyekiti aliruka. Akamgeukia askari, uso umeiva. "Wewe! Mimi ni Mwenyekiti! Si niko hapa? Hunioni?"

Askari alimtazama kwa makini, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, maana alikuwa mtu wa haki.

"Nakuona, mheshimiwa. Ila hujaitika."

Akainamia daftari, akatafuta mstari wake, na kwa mwandiko wa pole, uliosomeka vizuri, akaandika: Hayupo. Kisha akamwomba asiyekuwepo asogee kidogo, foleni ipite.